MJADALA: Mzazi mhamiaji Marekani asimame aseme mbele ya bodi ya shule, au amalizane na mwalimu mkuu ofisini?

Mama wa Watatu (mleta mada):

Ndugu zangu, hamjambo. Naileta hoja hii hapa kwa sababu imetugawa wazazi wa mtaani kwetu. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alituambia: "Mgeni hasimami barazani kwa mwenyeji akaanza kumkosoa. Una shida na shule, nenda kwa mwalimu mkuu, mwongee, yaishe." Nimelala na maneno hayo siku tatu na bado nayakataa.

Kwa ambao hawajawahi kufika: hapa Marekani shule za umma ziko chini ya wilaya za shule, kama 13,000 nchi nzima, na karibu kila wilaya ina bodi yake. Wajumbe wengi huchaguliwa na wakazi kwa kura. Bodi ndiyo inayomwajiri msimamizi mkuu wa wilaya, ndiyo inayopitisha bajeti, sera, kalenda na mipaka ya mtaa gani usome shule ipi. Mwalimu mkuu hana hata kimoja katika hivyo. Ukimfuata kuhusu basi lililofutwa atakusikiliza kwa adabu zote, na utarudi nyumbani na shida yako ileile.

Shida yangu ilikuwa kituo cha basi. Kilihamishiwa ng'ambo ya barabara kubwa isiyo na njia ya waenda kwa miguu, na majira ya baridi saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni giza totoro. Tulipeleka barua yenye sahihi za wazazi 31 ofisi ya usafiri. Kimya. Nikaenda kikaoni, nikajaza kadi ya kuomba kusema, nikaitwa. Dakika tatu. Mbele ya kipaza sauti kuna taa ndogo: kijani, njano, nyekundu. Nilifanya kama nilivyolelewa. Nikamsalimu mwenyekiti, nikawasalimu wajumbe, nikajitambulisha mimi na wanangu, nikashukuru kwa kupokelewa katika nchi hii. Nilipotamka neno "kituo" taa ilikuwa njano. Ilipowaka nyekundu nilikuwa nimeeleza giza, sijaeleza ninachoomba. Wajumbe hawakusema neno. Nililia ndani ya gari.

Mwezi uliofuata tulikwenda wanne, tukagawana. Mmoja giza, mmoja mwendo wa magari, mmoja akainua picha aliyoipiga kituoni saa ileile ya alfajiri, mimi nikabeba ombi lenyewe: "Tunaomba kituo kirudishwe upande wa nyumba kabla ya Januari." Salamu ilikuwa "habari za jioni", basi. Kituo kilirudishwa. Sasa niambieni, huo ni utovu wa adabu?

Baba wa Wawili:

Dada, pole kwa uliyoyapitia, na hongera kwa kituo. Ila naomba kutofautiana nawe. Una uhakika gani kwamba ni zile dakika tatu zilizofanya kazi na si ile barua yenye sahihi 31? Mwaka 1984, katika kesi iliyotoka Minnesota, Mahakama ya Juu ilisema wazi kuwa katiba haiwalazimishi viongozi wa umma kumsikiliza anayetaka kusikilizwa juu ya sera. Wewe unaruhusiwa kusema, wao hawalazimiki kusikia. Na hata huko kusema kunategemea jimbo. New York, sheria ya vikao vya wazi inakupa haki ya kuingia na kufuatilia kikao, haisemi kwamba lazima upewe kipaza sauti.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Vikao vingi hurekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti. Bodi nyingi zinamtaka msemaji ataje jina na anakoishi. Tuna ndugu zetu ambao karatasi zao hazijakaa sawa. Tunawaambia wasimame mbele ya kamera? Mimi siwezi kumwambia mtu hivyo halafu nikalala usingizi.

Mkalimani:

Nimetafsiri kwenye vikao hivi mara nyingi, naomba niseme machache.

Wajumbe kunyamaza si dharau. Nitatoa mfano wa California, kwa kuwa sheria yake ya vikao vya wazi ndiyo niliyoizoea, Brown Act ya 1953. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla. Jambo ambalo halimo kwenye ajenda mwananchi anaweza kulitaja, lakini wajumbe hawaruhusiwi kulijadili kwa kina wala kulipitishia uamuzi siku hiyo. Kwa hiyo mzazi anayeleta jambo jipya atakutana na ukimya, na mzazi anayesema juu ya kipengele cha ajenda anasema saa ambayo mkono wa kura unakaribia kunyanyuka. Hizo ni nafasi mbili tofauti kabisa. Soma ajenda kwanza.

Sheria hiyohiyo inakataza kumlazimisha mtu aandike jina ili tu aruhusiwe kuhudhuria. Na anayesema kupitia mkalimani anapaswa kupewa angalau maradufu ya muda, isipokuwa kama kuna vyombo vya kutafsiri papo hapo. Kiswahili kinasemeka pale! Majimbo mengine yana taratibu zake, piga simu kwa katibu wa bodi siku kadhaa kabla.

Ombi langu moja kwa wazee wetu: methali tuziache nyumbani siku hiyo. Mzee mmoja alianza na tatu mfululizo. Nilipofika kwenye ya pili muda ulikuwa umekwisha, na shida yake ilikuwa ya kweli, mjukuu wake alikuwa hapati chakula cha mchana shuleni.

Mwalimu Mstaafu:

Mimi nimekaa upande wa pili wa ukumbi ule kwa miaka. Nimemwona mzazi akitaja kwenye kipaza sauti jina la mwalimu mwenzangu na jina la mtoto aliyepigana na mwanawe. Kesho yake darasa zima linajua, na watoto wawili hawana pa kujificha. Nidhamu ya mtoto na ajira ya mwalimu huzungumzwa kwenye kikao cha faragha, na ni haki iwe hivyo. Kwa mambo hayo mzee yuko sahihi: anza na mwalimu, kisha mwalimu mkuu, kisha ofisi ya wilaya.

Lakini siungi mkono bodi kumzima mzazi kwa sababu tu maneno yake yanachoma. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilizikataa kanuni za bodi moja ya Ohio zilizomruhusu msimamizi wa kikao kuwakatiza wenye lugha ya kushambulia au ya uhasama. Ile kanuni ya kujiandikisha mapema iliachwa. Sisi walimu nasi tunayo haki hiyo: tangu 1976, Mahakama ya Juu ilishasema mwalimu asizuiwe kuchangia kwenye kikao kilicho wazi kwa umma kwa sababu tu si msemaji wa chama cha walimu.

Mama wa Watatu:

Shikamoo Mwalimu. La majina ya watoto nimelipokea bila kinyongo.

Baba wa Wawili, kuhusu karatasi umenigusa, na sitabishana nawe. Mtoto wao ana haki ya kiti darasani, Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Texas, lakini haki hiyo haiondoi hofu ya mzazi mbele ya kamera. Basi asisimame yeye. Nisimame mimi niliye na karatasi, nilibebe ombi lake pamoja na langu. Hilo ndilo lililonifanya nianzishe mada hii. Tukinyamaza sisi tunaoweza, wao hawana mtu.

Neno "mgeni" bado nalikataa. Sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka kwenye kodi ya majengo, na hata mpangaji huilipa ndani ya pango lake kila mwezi. Hilo baraza tunalichangia. Na ile barua, ndugu yangu, ilikaa wiki sita bila jibu. Tulipigiwa simu siku nne baada ya kikao cha pili.

Baba wa Wawili:

Siku nne inaweza kuwa sadfa. Lakini hilo la kumsimamia mwingine sikuwa nimeliwaza, na limenikaa.

Niambie kikao kijacho ni lini. Nitakuja, nitakaa kiti cha nyuma, nisikilize. Kusema bado sijakubali.