Tupeane uzoefu: ofisi za kaunti zilivyowekwa Kilifi, nyumba yako Malindi iliathirika vipi?

Mwana wa Muyeye: Wadau salama? Nawatafuta walokuwa na nyumba ama duka Malindi kabla ya 2013. Mnakumbuka tangu 1996 tulikuwa wilaya yetu wenyewe, tumekatwa kutoka Kilifi, DC wetu (mkuu wa wilaya), munispaa yetu, karatasi unamaliza hapa hapa mjini. Ugatuzi ukaja 2013, serikali za kaunti zikaanza, gavana akakaa Kilifi, sisi tukapewa bunge la kaunti, na Mahakama Kuu ikabaki. Siasa wekeni kando, nataka stori za mfukoni.

Baba Zai: Mie nina vyumba Barani, hapa Malindi, alituachia marehemu mzee. Wapangaji wangu wazuri walikuwa wa munispaa, mshahara ukiingia kodi ishafika, hata simu hupigi. Sasa watu hawaelewi kitu kimoja, karani hahami siku ofisi inahama, watoto wako shule, mke ana duka, kwa hivyo anapanda matatu alfajiri kilomita kama sitini mpaka Kilifi, jioni anarudi. Akichoka anapanga bedsita, chumba kimoja cha kulala na kupikia, kule peke yake, huku familia inatolewa nyumba kubwa inaingizwa ndogo, mwishowe wote wanaenda. Ndo maana vyumba vyangu vidogo vilijaa na ile nyumba ya vyumba vitatu ikalala wazi. Kodi haikushuka lakini miaka yote hiyo sikuweza kuipandisha, na bei ya simiti haikuningoja.

Dalali wa Kibaoni: Upande huu wa Kilifi ploti za Bofa na Kibaoni zilianza kupanda kabla ofisi hazijafunguliwa, uvumi tu ulikuwa unauza. Ila msiipe kaunti sifa zote, Chuo cha Pwani kilipata kuwa chuo kikuu kamili 2013 hiyo hiyo, na wanafunzi ndo walojaza bedsita za Kilifi. Walolia ni wenyeji. Wengi walikuwa hawana hatimiliki, maskwota kwenye shamba alozikwa babu yao, bei ilipopanda akatokea mtu na karatasi.

Mama Mahamri: Mimi wiki bunge likikaa mahamri na mbaazi zaisha mapema. Likienda mapumziko narudi na sufuria nyumbani. Hayo mengine ya gavana siyajui.

Kijana wa Casuarina: Jamani mnaisingizia kaunti bure. Nilikuwa natunza nyumba za Waitaliano, baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Westgate 2013 na Mpeketoni 2014 nchi zikawa zinatoa ilani watu wao wasije pwani, wengine wakaziweka sokoni na hakuna alonunua. Fundi, mpishi, wa tuktuk, wote hao walikuwa wanapanga kwa kina Baba Zai. Mzungu mmoja anayejenga alikuwa analisha watu wengi kuliko karani.

Baba Zai: Hapo sikukatalii, ila mzungu hakuwa analala Barani na karani alilala.

Wa Amu: Na sisi Lamu ofisi za kaunti zikapelekwa Mokowe, mtu wa kisiwani akitaka kusainiwa kitu avuke na boti kwanza. Lakini tuseme kweli, mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, huwezi kuongeza ghorofa ovyo, hizo ofisi zingekaa wapi? Tatizo Mokowe na Hindi ardhi ilishapandishwa na bandari tangu LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, izinduliwe 2012, mfanyakazi wa kaunti akitaka ploti anakuta madalali washaketi juu yake.

Binti Mtangani: Sasa nishaurini, nina ploti Mtangani ya urithi, ndugu wanasema tuuze tununue Kilifi.

Dalali wa Kibaoni: Usiuze dada, na mimi ndo dalali nakwambia. Kilifi mtaingia kwa bei ya juu. Weka bedsita mbili tatu hapo, mawakili na watu wa kesi wanakuja Malindi kila wiki. Weka na tangi kubwa, wapangaji siku hizi wanauliza maji kabla ya kodi.

Binti Mtangani: Haya kaka, shida sasa ni kuwaambia hao ndugu, mmoja ashachukua depositi ya mtu.