Mjadala: Je, "fundo la msuli" ndilo chanzo cha maumivu sugu?

Wakuu, salaam.

Mtu mwenye maumivu sugu ya shingo, bega au mgongo siku hizi haambiwi mengi: una mafundo kwenye misuli, yakivunjwa utapona. Mmoja atayavunja kwa vidole, mwingine kwa chuku, mwingine kwa sindano kavu, yaani nyembamba isiyo na dawa. Mimi nafanya kazi ya fiziotherapia, na msimamo wangu ni kwamba hatuna haki ya kumweleza mgonjwa hivyo kana kwamba limeshathibitishwa. Maumivu yake ni ya kweli kabisa. Penye utata ni kulifanya fundo kuwa chanzo.

Kile ambacho mkono unakikuta sikikatai. Mkalishe fundi cherehani aliyeinamia mashine tangu asubuhi, ubane ule msuli unaotoka shingoni kwenda begani. Utakuta utepe uliokaza, na sehemu moja ndani yake ukiibonyeza anashtuka, anakwambia maumivu yamepanda hadi kwenye panja. Hapo ndipo panapoitwa fundo. Hata huko kusafiri kwa maumivu si jambo jipya: mwaka 1938 daktari Kellgren wa London alidunga maji ya chumvi kali kwenye misuli ya watu wenye afya njema, wakasikia maumivu mbali na pale sindano ilipoingia.

Nadharia yenyewe ya mafundo tumeirithi kwa Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais Kennedy wa Marekani, na mwenzake David Simons, waliotoa mwongozo wao mwaka 1983. Simons alieleza hivi: pale neva inapokutana na msuli, asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ukaze, inamwagika kupita kiasi. Kalsiamu inafunguka, nyuzi zinajikaza na kubana vijishipa vya damu, oksijeni inapungua, nishati inakwisha. Na msuli unahitaji nishati ili ulegee, si ili ukaze tu. Ndiyo maana maiti hukakamaa. Basi sehemu ile inabaki imekaza, inatoa kemikali zinazochokoza neva, na mzunguko unaendelea.

Ni maelezo mazuri mno. Ushahidi wake je? Mwaka 1993 watafiti Hubbard na Berkoff walichomeka sindano za kupima umeme wa misuli, wakakuta msukosuko mdogo ndani ya sehemu zile huku jirani kumetulia. Wakosoaji wakajibu kwamba msukosuko wa aina hiyo husikika hata kwenye msuli usio na tatizo, sindano ikikaribia makutano ya neva na msuli. Mwaka 2005 Jay Shah na wenzake, kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani, walinyonya majimaji kutoka ndani ya msuli wa bega, wakakuta asidi imepanda pamoja na bradikinini na dutu P, kemikali zinazohusika na maumivu. Utafiti ule ninauheshimu, lakini ulikuwa wa watu 9 tu. Isitoshe, neva iliyochokozwa huko juu inaweza yenyewe kumwaga dutu P kwenye nyama. Kuikuta pale hakutuambii nani alianza. Hoja hiyo ya neva imeshikiliwa kwa miaka mingi na John Quintner na Milton Cohen wa Australia.

Linalonisumbua zaidi ni vidole vyetu. Mwaka 1992 Frederick Wolfe alichapisha jaribio ambapo mabingwa wa fani hii waliwapima watu bila kujua nani mgonjwa na nani mzima. Hawakukubaliana mafundo yako wapi. Baadaye wengine walionyesha kuwa wapimaji wakifundishwa pamoja kwanza hukubaliana vizuri zaidi, nalo ni la haki kulisema. Lakini je, huko mitaani tumefundishwa pamoja? Na wale wenye tepe zilizokaza ambao hawaumwi popote, tutawaelezaje?

Maumivu yakipita miezi mitatu, mara nyingi habari inakuwa imeshahamia kwenye mfumo wa neva. Mtafiti Clifford Woolf alionyesha mwaka 1983, kwa wanyama, kwamba jeraha likichokoza neva, chembe za uti wa mgongo hubadilika: zinaitika kwa nguvu kupita kiasi, na mguso wa kawaida unaamsha mwitikio uliokuwa wa maumivu. Mtu wa namna hiyo ukimbonyeza popote ataruka. Ukiita kila anaporuka "fundo", utampangia vikao visivyo na mwisho, na sindano za karibu na mbavu ambazo zikikosewa hutoboa pafu.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hayo ni ya darasani. Mama yangu bega lilimtesa, akapigwa chuku, sasa analala. Hata Shirika la Afya Duniani, Desemba 2023, limetaja ukandaji na akupancha (tiba ya sindano ya Kichina) kati ya tiba za maumivu sugu ya kiuno. Wewe unapinga nini?

Mleta mada: Mama alale salama, na akitaka kukandwa tena akandwe. Mwongozo ule umeangalia kama watu wanapata nafuu. Haukusema fundo ndilo lililowaumiza. Tangu 1965 watafiti Melzack na Wall walieleza jinsi mguso wa ngozi na misuli unavyoweza kuzuia ishara za maumivu kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo mkono unaweza kusaidia pasipo kuvunja kitu chochote. Na mwongozo huohuo umetaja mazoezi na elimu kwa mgonjwa, ukashauri mikanda ya kiuno na kuvuta mgongo kwa mashine visitumike kama kawaida. Mbona hayo hatuyatangazi?

Mchangiaji wa pili: Sawa kaka, lakini mgonjwa yuko mbele yako anauliza, "Nina nini?" Unamjibuje?

Mleta mada: Namwambia: "Mama, msuli huu umekaza na unauma, nimeugusa nimeusikia. Sijui kwa hakika kwa nini umeanza. Ninachojua ni kwamba neva zako zimekuwa kali, na zinaweza kupoa. Leo nitakukanda ili upate nafuu ya kuanza kutembea na kunyanyua mkono, kesho utaongeza kidogo nyumbani." Kisha namuuliza usingizi ukoje, na kazi anaifanya amekaaje. Ganzi, mkono kuishiwa nguvu, homa au kupungua uzito vikiwepo, simkandi. Namwandikia barua aende kwa daktari siku hiyohiyo.