Ng'ombe wa gari wa ami yangu ana kidonda mbele ya nundu na bado anafungwa nira. Nifanyeje?

Kijana wa Bumbwini ameandika:

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa wanaojua mifugo.

Niko Bumbwini, Kaskazini B. Ami yangu ana gari la ng'ombe, na gari hilo ndilo lililotusomesha watu watatu nyumbani, mimi mmoja wao. Kwa hiyo siandiki kumvunjia heshima. Ng'ombe mwenyewe tunamwita Bahati, maksai mwekundu wa miaka saba hivi, mpole mpaka watoto wanapita chini ya tumbo lake.

Mwezi uliopita aliota uvimbe mbele ya nundu, pale nira inapokaa. Ami akapaka oili chafu. Pakachubuka. Akapaka jivu. Juzi nimemfungua mwenyewe baada ya safari tatu za matofali, nira ikatoka na kipande cha ngozi kimegandia kwenye mti. Kidonda sasa ni kipana kama kiganja changu, katikati kina usaha, nzi hawabanduki. Ukipeleka mkono karibu, ngozi ya bega zima inatetemeka kabla hujamgusa. Usiku ule sikulala vizuri.

Nimemwambia ami tumwite daktari wa mifugo. Kanijibu: "Atachoma sindano, atachukua pesa, na kidonda kitabaki kile kile. Ng'ombe wa kazi ana kovu la kazi." Na simlaumu sana. Mwaka juzi Bahati alipochechemea alikuja mtu na begi, akachoma sindano, hakuuliza hata ng'ombe anabeba nini, akaondoka. Kama alikuwa daktari kweli, sijui.

Sasa nauliza: daktari wa mifugo atafanya nini hapa ambacho ami hakiwezi? Na nitamwambiaje mzee ambaye gari likisimama siku mbili, na chungu kinasimama?

---

Dereva wa Mwera:

Waalaykum salaam. Mimi naendesha gari la ng'ombe mwaka wa kumi na nne huu. La kwanza, kesho asifungwe. Hata kama mteja kashalipa, mrudishieni.

La pili, angalia mnavyopakia. Matofali ukiyasogeza mbele, uzito wote unamlalia shingoni. Ukiyarudisha nyuma sana, mikono ya gari inanyanyuka na kamba ya chini inamkaba koo. Pakia gari bila ng'ombe, kisha shika ile mikono uinyanyue. Ukiweza kuinyanyua bila kujikaza, mzigo umekaa sawa juu ya ekseli. Ukishindwa, basi hicho kinachokushinda ndicho anachobeba shingoni kutwa nzima.

---

Mtu wa Shamba:

Naona mnamdekeza ng'ombe. Wazee wetu hawakuwa na madaktari na karafuu na nazi zilifika bandarini. Mpake dawa ya kienyeji, apumzike siku tatu, arudi kazini.

---

Mzee wa Kitogani:

Ndugu yangu Mtu wa Shamba, mimi niliwahi kufuga huku kusini, karibu na msitu wa Jozani, enzi za mbung'o, wale nzi wanyonya damu wanaowaletea ng'ombe maradhi. Ng'ombe alikonda mpaka unahesabu mbavu, mimba zinatoka, na wazee hawakuwa na la kufanya isipokuwa kuchinja kabla hajafa. Kati ya 1994 na 1997 zikawa zinapita ndege juu yetu zinamwaga mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi, waliozalishwa Tanga, zaidi ya milioni 8. Jike akipandwa na dume tasa hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na mpaka leo Unguja hatuna mbung'o. Kazi ile waliifanya madaktari wa mifugo na wataalamu wa wadudu, na hawakuifanya kwa kusubiri ng'ombe aanguke ndipo wachome sindano. Tusiseme wazee waliishi bila daktari, walikuwa wanapata hasara tu na wamenyamaza.

---

Daktari Mstaafu (Unguja):

Kijana wangu, nimekusoma mara mbili. Mimi ni daktari wa mifugo, nimetumikia wilayani miaka mingi na sasa nimepumzika. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali la ami yako ni la haki, na sisi wenyewe tumechangia kulileta.

Mtu anayefika, akachoma, akaondoka, amekuuzia dawa tu. Daktari akija kwa Bahati, angesimama mbali kwanza. Aangalie anavyosimama, kama anacheua, masikio yamelala au yako macho, mbavu zinaonekana kiasi gani. Baadaye ndiyo apime joto. Ng'ombe mzima huwa baina ya nyuzi 38 na 39 na kitu. Likizidi sana, maradhi yameshaingia mwilini, si ngozini tu. Kisha mimi ningeomba nira kabla ya kukishika kidonda. Ningeigeuza, nipitishe kiganja upande unaokaa shingoni. Mara nyingi utakuta msumari umejitokeza, au fundo la mti, au imechongwa kwa ajili ya ng'ombe mwengine mwembamba zaidi. Kidonda ukikitibu na nira ukaiacha, ami yako atakuwa na haki ya kusema kitabaki kile kile.

Kuhusu kidonda chenyewe. Oili chafu acheni kabisa, inaunguza nyama mpya inayoota. Jivu nalo linaziba usaha ndani. Osheni kwa maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, asubuhi na jioni. Nywele za pembeni zikatwe. Mkiona vitu vyeupe vinacheza ndani, hao ni funza wa nzi, watolewe wote, na hapo msingoje kesho kumwita mtu. Gunia chini ya nira msiweke mkidhani ni godoro. Linakunjana, linashika jasho, linachubua zaidi.

Halafu kuna dawa ya maumivu. Hii, nasema kwa masikitiko, kizazi chetu tuliisahau sana. Tulikuwa tunatoa antibayotiki na kumwacha mnyama na maumivu yake, kama kwamba yeye hayamhusu. Ile ngozi uliyoiona ikitetemeka kabla hujagusa, Bahati anaujua mkono unaokuja na kinachofuata baada yake. Sindano ya kutuliza maumivu na uvimbe ipo, si ghali kama watu wanavyodhani, na ng'ombe aliyetulizwa anakula, na anayekula anapona upesi. Antibayotiki ni uamuzi wa daktari baada ya kuona. Akitoa, aulizwe siku ngapi nyama isiliwe. Kwa oksitetrasaiklini, antibayotiki, ile aina inayokaa mwilini muda mrefu, inaweza kufika siku 28, na nalitaja hili kwa sababu ng'ombe mgonjwa wengi humkimbizia machinjioni.

Jambo moja zaidi ambalo ami hawezi kulijua kwa macho. Si kila kidonda cha nunduni ni cha nira. Kuna minyoo midogo mno inayoletwa na nzi, inakaa kwenye ngozi, na kidonda chake hakifungi hata mnyama apumzike miezi. Daktari atakwangua ngozi kidogo pembeni ya kidonda na kuitazama kwa hadubini. Kama ndiyo hiyo, matibabu yake ni mengine kabisa.

Nenda ofisi ya mifugo ya wilaya yenu, uulize kwa jina nani ni daktari na nani ni msaidizi. Wote wana kazi yao na wasaidizi wazuri wapo, lakini umjue anayekuja ni yupi.

---

Bi Maziwa (Wete):

Naunga mkono kwa yaliyonikuta. Ng'ombe wangu wa maziwa alivimba kiwele mara tatu mwaka mmoja. Mara mbili nilipewa mrija wa dawa wa kuingiza kwenye chuchu, akapona, akarudia. Mara ya tatu alikuja binti mmoja, daktari kijana, mie moyoni nikasema huyu mtoto atajua nini. Akapiga magoti bandani na kanga yake, akaweka kiganja sakafuni pale ng'ombe anapolala. Kikatoka kimelowa mkojo. Akaniuliza namkamua nani kwanza. Nikamwambia huyu, maana ndiye mwenye maziwa mengi. Basi tangu siku ile mgonjwa anakamuliwa wa mwisho, sakafu ina mteremko na maranda makavu, na mikono naosha baina ya ng'ombe na ng'ombe. Mwaka wa pili huu. Dawa sijanunua.

---

Mwanasheria Mtarajiwa:

Kuna sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na kumfanyisha kazi mnyama mwenye jeraha ni kosa. Mkumbushe ami.

---

Daktari Mstaafu (Unguja):

Mwanangu, ile ya 2008 ni ya Tanzania Bara. Mifugo si jambo la Muungano, huku tuna wizara yetu na sheria zetu. Na hata ingekuwa yetu, ami asitishwe kwa sheria. Ukimtisha mzee, daktari hataitwa tena nyumba ile.

Mwambie hivi: ng'ombe mwenye maumivu anavuta kwa upande mmoja, anachoka safari ya pili, na siku akianguka njiani hatalala siku tatu tu. Madaktari duniani hutumia uhuru tano wa mnyama, uliopangwa Uingereza, mizizi yake ni ripoti ya 1965 na ukaandikwa vizuri 1979: asikae na njaa na kiu, apate pa kulala, asiachwe na maumivu na maradhi, aishi kwa tabia yake ya ng'ombe, asiishi kwa hofu. Lakini ami yako anayajua haya bila Uingereza. Mtume s.a.w. ametuamrisha hata wakati wa kuchinja kisu kinolewe na mnyama astareheshwe. Vipi huyu aliye hai na anatulisha?

---

Dereva wa Mwera:

Kuhusu chungu kusimama: nina maksai wa pili, kazi yake wiki hii ni nusu. Nitumie ujumbe. Ami apeleke wateja wake, tugawane.

---

Kijana wa Bumbwini:

Ndugu zangu, narudi baada ya siku tisa.

Ule ujumbe wa daktari nilimsomea ami baada ya magharibi, barazani. Alinyamaza. Pale penye nira akasema, "Soma tena." Asubuhi akaitoa nje mwenyewe, akaigeuza, akapitisha kiganja kama mlivyosema. Kuna fundo la mti, dogo kama kokwa ya zambarau, limelainika na kung'aa kwa sababu ya miaka ya kusugua ngozi. Akaliangalia muda mrefu. Ile nira alichonga kwa ajili ya ng'ombe aliyekufa kabla ya Bahati.

Daktari alikuja Jumatatu. Alikaa karibu saa nzima, akakwangua ngozi akaipeleka kupimwa, na majibu ni kwamba minyoo hakuna, ni nira. Akampa dawa ya maumivu na akaandika siku za kurudi. Siku ya pili Bahati alikula majani yote ya kihorini mpaka akaanza kulamba mbao. Amesema kazi iwe baada ya wiki sita, na kabla ya hapo aje aone ngozi.

Gari la Mwera limetushikilia, Allah akulipe kheri.

Leo nimepeleka mkono pale begani. Ngozi imetetemeka bado, lakini kichwa hakukigeuza, aliendelea kucheua.

Ami anauliza, na kaniambia niandike kama alivyosema: "Nira mpya nichonge kwa mti gani?"

---

Dereva wa Mwera:

Mwambie mie natumia mfenesi. Achague pasipo na fundo, auchonge ungali mbichi, aukaushe kivulini, si juani, usije ukapasuka. Na asiuchonge kwa kukisia. Apime shingo ya Bahati kwa kamba, akishapona.