Naomba ushauri: kiraka cha kompaila kimepita majaribio yote, lakini nasita kukiidhinisha

MwanaWaMkomani (Lamu)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninajitolea katika mradi mmoja mdogo wa kompaila huria ya lugha ya C, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, na wiki hii nimepewa kwa mara ya kwanza kazi ya kukagua kiraka, yaani marekebisho yaliyoandikwa na mtu aliyenitangulia mbali katika mradi huo. Mkaguzi mwenzangu ameshayaidhinisha, majaribio yote yamepita, na toleo jipya linayangojea. Anayeyazuia ni mimi peke yangu.

Hitilafu yenyewe ni hii. Kugawanya huichukua prosesa muda mrefu kuliko kusogeza biti, kwa hiyo kompaila inapokuta namba inagawanywa kwa 2, 4, 8 au kipeo kingine cha 2, huligeuza tendo hilo kuwa kusogeza biti (zile 0 na 1 zinazounda namba) kulia, ambapo kila hatua hugawanya kwa 2. Kwa namba chanya majibu ni yale yale. Kwa namba hasi yanaachana, kwa sababu C99, kanuni rasmi za lugha ya C, inaagiza desimali itupwe kuelekea sifuri, hivyo -7 kwa 2 ni -3, ilhali kusogeza biti hulishusha jibu hadi -4. Mwandishi amelitibu kwa kuiongezea namba hasi 1 kabla ya kuisogeza: -7 inakuwa -6, kisha -3. Jaribio aliloambatisha linagawanya namba kadhaa kwa 2, na zote zinatoka sawasawa.

Jana baada ya Isha nilichukua karatasi nikajaribu 8. Jibu la -7 kwa 8 linatakiwa kuwa 0, lakini kwa kiraka hiki -7 inakuwa -6, na ikisogezwa mara 3 inatoa -1. Je, nimekosea hesabu? Na kama sikukosea, nimwambieje mtu wa rika lake, mbele ya mradi mzima, bila kumvunjia heshima?

FundiWaMatondoni

Waaleikum salaam. Hujakosea, ndugu yangu. Kinachopaswa kuongezwa ni namba ya kugawia ukitoa 1: kwa 2 ni 1, kwa 4 ni 3, kwa 8 ni 7. Ile 1 imesibu kwa 2 tu, na jaribio limeandikwa kwa 2 tu, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Huku kwetu fundi akikalafati jahazi hapimi kazi yake kwa kumwaga maji penye ubao ule ule alioujaza pamba.

Angalia na hesabu ya baki. Ikiwa kompaila yenu inapata baki kwa kugawanya, kuzidisha, kisha kutoa, basi baki ya -7 kwa 8 itatoka 1 badala ya -7, na mtu anayetumia baki hiyo kuchagua nafasi katika jedwali atasoma pasipo pake.

Tanga_la_Malindi

Mimi ningeidhinisha. Kabla ya kiraka namba hasi zote zisizogawanyika kamili zilikuwa na kosa. Sasa angalau kugawanya kwa 2, ambako ndiko kunakotumika zaidi, kumepona. Yaliyobaki yafunguliwe ripoti nyingine. Mradi wa kujitolea ukingoja ukamilifu hautoi toleo.

BiMwalimu (Malindi)

Tanga, mwanangu, hoja yako ingenikaa kama tungekuwa tunazungumzia rangi ya kitufe. Kompaila ikikosea kimyakimya, mwenye programu atatafuta kosa katika msimbo wake mwenyewe kwa siku nyingi, wala hatafikiria kwamba msimbo wake ni mzima. Na ripoti ikishafungwa kwa maneno "imerekebishwa", wa kuifungua tena huwa haba.

Kuna njia ya katikati. Katika tawi la toleo, yaani nakala ya msimbo inayoandaliwa kutolewa, zimeni kabisa ugeuzaji huu kwa namba zenye alama, zile zinazoweza kuwa hasi. Programu itakwenda polepole kidogo lakini itasema kweli. Dawa kamili iandikwe katika tawi kuu bila kukimbizwa.

Kuhusu adabu, usiandike "umekosea". Andika namba iliyoingia, jibu linalotakiwa na jibu lililotoka, kisha mwombe akuangalizie. Mtu mzima hatahayari kwa hesabu aliyoonyeshwa kwa upole, bali kwa kuambiwa hakufikiri. Tena usipeleke mfano mmoja. Watu wa LLVM, mradi mkubwa wa kompaila, wana zana iitwayo Alive2 ya kuhakiki mageuzi ya namna hii kihisabati; nyinyi mnaweza kushuka hadi namba za biti 8, yaani -128 hadi 127, na kujaribu kila namba kwa kila namba isiyo 0. Ni jozi 65,280, nayo kompyuta kuukuu huzimaliza kabla chai haijapoa.

MwanaWaMkomani (Lamu)

Shukrani sana, na kwako Bi Mwalimu shikamoo. Nimefanya hivyo. Niliiacha nje jozi moja, -128 kwa -1, kwa kuwa jibu lake, 128, halienei katika biti 8. Kiraka cha awali kilianguka mahali pengi kuanzia kugawanya kwa 4. Nilipoweka marekebisho ya Fundi, zote zilipita isipokuwa jozi moja ambayo sikuitarajia kabisa: -128 kwa -128, iliyotoa -1 badala ya 1. Kumbe kompaila hutambua kipeo cha 2 kwa kuangalia kama namba ina biti moja tu iliyowashwa, na -128 kwa biti 8 ina biti moja tu, ile ya alama inayoonyesha kuwa namba ni hasi. Kwa biti 32 mwenzake ni -2147483648. Kosa hilo lilikuwamo tangu mwanzo, wala si la mwandishi wa kiraka.

Niliyaandika yote mawili kama nilivyoelekezwa. Amejibu asubuhi hii kwa mistari miwili: ameomba jaribio langu la biti 8 liingizwe pamoja na kiraka kipya, na amekubali ugeuzaji uzimwe katika toleo. Mkaguzi mwenzangu ameondoa idhini yake. Kimebaki kipande kinachogawanya kwa vipeo hasi, -2, -4 na kuendelea, ambacho kimeandikwa katika faili jingine, hakikuwamo katika jaribio langu, na sijakisoma. Nitakiendesha kwa jozi zile zile leo usiku.