Panya kuguswaguswa usoni ili sisi tupone kipandauso, mnaonaje?

Mama Dagaa: Wakuu habari za leo. Nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba na kipandauso nimekizoea miaka mingi. Kikianza kilemba sivai, yani kitambaa chepesi kile kinauma kama nimefungwa waya, juzi mtoto kanishika nywele tu nikamfokea mpaka akalia. Mdogo wangu anasomea ufamasia akaniambia hicho ndo kitu wanachopima kwa panya wadogo wa maabara. Panya anazoeshwa kukaa kwenye kikombe cha karatasi, halafu anaguswa juu ya macho na kijiuzi cha nailoni, viko vya gramu 0.008 mpaka gramu 2, yani kila kimoja kikisukumwa kwa uzito huo kinapinda. Akirudisha kichwa au akijifuta uso wanaandika. Ila kabla ya hapo anachomwa nitrogliserini, ile ile dawa ya wagonjwa wa moyo inayowaumiza vichwa, siku moja anachomwa moja anapumzika mpaka siku 9 ziishe. Vijiuzi sina shida navyo, hizo sindano ndo zinanikosesha amani. Ni sawa kweli?

Igoma Kwetu: Pole dada. Mi napinga. Panya hawezi kusema kichwa kinauma, hapo umepima ngozi ya uso basi. Dawa za kuzuia substansi P, kemikali ya mwilini inayopeleka maumivu, zilifanya vizuri kwa panya, miaka ya 90 zikajaribiwa kwa watu wenye kipandauso zikagoma. Halafu kwa muda mrefu walikuwa wanatumia madume tu, wakati ugonjwa unawapata zaidi wanawake, karibu mara tatu. Sasa hapo tunapima nini?

Baharia wa Kamanga: Igoma acha unafiki 😂 kwako hakuna gundi ya panya? Yule ananasa anakaa usiku mzima analia na hakuna anayeandika chochote. Tukisikia yule panya Magawa wa chuo cha SUA Morogoro kapewa medali kwa kunusa mabomu Kambodia tunapiga makofi, huyu wa maabara ndo tunamwonea huruma.

Igoma Kwetu: Gundi ninayo, ndio, sijasema mi malaika. Ila Magawa alikuwa anapewa ndizi, hakuchomwa sindano ya kumuumiza kichwa. Na nchi hii tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, siyo kila kitu ruksa.

Mama Dagaa: Hiyo ya ngozi siikubali kaka. Kilemba changu nacho kinagusa ngozi, na mimi najua ni kichwa. Na panya siyo mwongo siku zote, wakimdunga ile CGRP, kemikali ya mwilini inayohusika na kipandauso, anakimbia mwanga, na mgonjwa wa kipandauso akidungwa hiyo hiyo naye kichwa kinaanza. Sindano za kuizuia Marekani wameruhusu tangu 2018.

Baharia wa Kamanga: Na hapo Mwanza utaipata duka gani mama? Sisi ni diklofenak na kulala gizani.

Mama Dagaa: Hapo umenipata baba. Panya kateseka, dawa imetoka, mimi bado nimejifungia ndani na pazia la khanga, hilo ndo linaniuma kuliko sindano zenyewe. Ngoja niende, boti ya Ukerewe imeingia na leo kichwa kimetulia, nimevaa hadi kilemba.