Shina la uchungu: moyo unalindwaje kwa vitendo?

Mwanajumuiya_K
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Alhamisi naongoza somo la jumuiya, dakika 40, andiko ni Waebrania 12:15. Wengi watakaokuwepo ni wanakikoba. Mweka hazina wao alitumia fedha za kikundi na mpaka sasa hajarudisha zote. Wapo wasiosalimiana, na wawili wamehamia jumuiya nyingine. "Sameheni tu" walishaambiwa, halikushika. Naomba mnisaidie: uchungu anaousema mwandishi unatofautianaje na hasira au huzuni ya kawaida? Mtu afanye nini hasa akiwa nyumbani, siku za katikati ya juma? Na je, kusamehe ni kufuta deni?

Katekista_wa_zamani
Amina. Anza na neno lenyewe, maana Kiswahili kimelitwika neno moja mizigo mingi. Uchungu ni ladha ya mwarobaini, ni maumivu ya mama anayejifungua, ni majonzi ya msiba, tena ni hasira iliyolala. Biblia ya Union Version inasema Hana, mwanamke aliyekosa mtoto, alikuwa na uchungu rohoni (1 Samweli 1:10), na neno hilo hilo linarudi Waefeso 4:26, "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka." Usipotenganisha hayo, aliyefiwa ataondoka akidhani amekemewa kwa kulia. Hana aliimimina roho yake mbele za Bwana na Bwana akamsikia. Aliyekosea pale ni kuhani Eli, aliyemdhania amelewa.

Waebrania 12:15 inachota kutoka Kumbukumbu la Torati 29:18. Tafsiri yetu imeandika "shina", ila neno la Kigiriki ni mzizi, na wakulima wataielewa tofauti: shina unaliona, mzizi uko chini ya udongo wakati juu bado ni safi. Soma pia aya ya 19 ya Kumbukumbu. Mtu yule anajibariki moyoni mwake akisema atakuwa na amani, huku moyo umeshageuka. Mwenye uchungu mara nyingi atakwambia kwa dhati kabisa, "mimi sina neno na mtu."

Hasira ina kosa linalotajika, na kosa likishughulikiwa hupoa. Uchungu umeshaliacha kosa ukamhamia mtu. Dalili zake: kila jambo jipya analofanya yule mtu linasomwa kwa kosa la zamani, akifanikiwa unaumia, akianguka unapata nafuu, maneno unayoyakumbuka yanazidi kuwa makali kuliko yalivyosemwa. Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa kale, alitumia neno la Kigiriki la ukoo mmoja na hili la uchungu kuwaita watu wasiopatanishika kwa urahisi. Hasira yao imefichwa, akasema, kwa hiyo hakuna anayejua awatulize, na kuisaga hasira ndani yako peke yako huchukua muda mrefu.

Mfano wa kufundishia, chukua 2 Samweli 13. Baada ya Amnoni kumtenda ubaya Tamari, dada yake Absalomu, Absalomu hakumwambia Amnoni neno, jema wala baya. Kimya hicho kilikaa miaka 2 mizima, kisha damu ikamwagika kwenye sikukuu ya kukata manyoya ya kondoo. Aya ya 21 ni ya viongozi: Mfalme Daudi, baba yao, alikasirika sana, na baada ya hapo hatusomi hatua yoyote aliyochukua. Kosa likijulikana na wakubwa wakanyamaza, mzizi umepata mbolea. Kama viongozi wa kikundi chenu hawajakaa na hilo deni, somo lako peke yake halitatosha, na ni vema uwaambie hivyo kabla ya Alhamisi.

NeemaYatosha
Nianzie hapo kwa mambo ya nyumbani. Mithali 4:23, "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo," husomwa peke yake, ilhali maelekezo ya ulinzi yako kwenye aya zinazoizunguka: sikio (20), kinywa (24), macho (25), miguu (26 na 27). Moyo haulindwi kwa kuukodolea macho. Unalinda milango yake.

Kinywa ndicho kinachowashinda wengi. Kila ukisimulia kosa unalitenda upya kichwani, na simulizi hunenepa. Waliotakiwa kujua ni wachache: mhusika mwenyewe, mtu mmoja wa kukusikiliza utoe dukuduku, na mwenye mamlaka ya kuchukua hatua. Ukijikuta unamweleza mtu wa nne ambaye hana la kufanya, hapo moyo unatafuta jeshi. Angalieni sana "tumwombee fulani" ya kwenye kikao, ambapo dakika 10 ni habari zake na nusu dakika ndiyo sala.

Macho, siku hizi, ni simu. Nyamazisha status za aliyekukosea kwa muda. Kuzichungulia ili kuona kama fedha yenu imenunua kochi jipya ni kumwagilia mzizi kwa mkono wako mwenyewe.

Jioni kabla ya kulala, tenga dakika 10 na karatasi. Andika sentensi moja: nani, alifanya nini, lini, umepoteza nini. "Mwezi wa tatu hakunirudishia akiba yangu ya shilingi 180,000" ni kosa, na linaweza kupelekwa kwake. "Ni mwizi, alitudharau tangu zamani" ni hukumu juu ya nafsi yake, na hiyo huwezi kuipeleka popote. Kisha soma Zaburi 13 kwa sauti. Ina aya 6 tu: "hata lini" nne, halafu ombi, halafu tumaini. Watu huharibu kwa kukimbilia aya ya 5, wanamsifu Mungu kabla hawajamwambia wanachoumia, na kilichorukwa kinawasubiri kitandani. Mwisho mwombee mhusika jambo moja jema linalotajika (Luka 6:28): kazi, afya ya mtoto wake. Ukishindwa, mwambie Mungu umeshindwa, ujaribu kesho. Hata Zaburi 109 na ukali wake wote ni sala: mwenye kulia amemkabidhi Mungu kisasi, na mkono wake umebaki mtupu.

Kuhusu waliohama jumuiya: Yohana Kasiano, mtawa wa karne ya 5, aliwaonya waliodhani hasira itaisha wakikaa peke yao jangwani. Anasema huko upwekeni aliikasirikia kalamu ya unyasi kwa kuwa nene mno au nyembamba mno. Kuhama kunaweza kuhitajika, lakini mzizi huhama nawe.

Mwanajumuiya_K
Asanteni sana, watumishi. Yupo mama aliyeniambia, "Nimesamehe mara kumi, lakini nikimwona tumbo linakaza. Basi sijasamehe?" Nimwambie nini? Na suala la deni bado.

Mzee_wa_usharika
Mwambie mama huyo asijihukumu kwa tumbo. Petro aliuliza mara ngapi, akajibiwa saba mara sabini. Tumezoea kuwaza makosa 490 tofauti, lakini mimi naona jibu hilo linatosha pia kwa kosa moja linalorudi akilini mara 490, na kila likirudi unaliachilia tena. Kipimo kiko kwenye unalolifanya kumbukumbu ikija. Unaifuata, au unaikabidhi? Mwili una kumbukumbu zake na hupoa taratibu.

Sasa deni. Mathayo 18 ina hatua za kumkabili mkosaji (15–17) na mfano wa mdaiwa asiyesamehe (23–35) katika sura moja, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ukidai hujasamehe. Tenganisha vitu vitatu. Kusamehe ni kuachilia kisasi, na unaweza kukufanya peke yako hata yeye akikataa kuzungumza. Kupatana kunahitaji wawili, ndiyo maana Paulo anasema "Kama yamkini, kwa upande wenu" (Warumi 12:18). Kuaminiwa tena kunajengwa kwa matendo na muda. Mweka hazina anaweza kusamehewa leo, akakaribishwa mezani leo, na asiguse tena sanduku la kikundi.

Kurudisha ni sehemu ya toba. Walawi 6:5 inataka mali yote na nyongeza ya sehemu ya tano. Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi mwenyewe kurudisha mara nne. Kwa kikoba: kwanza mtu mmoja amwendee faraghani, na asiwe yule mwenye hasira kali kuliko wote. Asiposikia, waende wawili au watatu na daftari, jumla ikubaliwe na pande zote kabla ya neno lolote la lawama, maana ugomvi mwingi wa fedha huanzia kwenye jumla mbili zisizolingana. Kisha maandishi: kama ni shilingi 600,000, basi 100,000 kila mwezi kwa miezi 6, tarehe na sahihi. Kama kweli hana, kikundi kikae kiamue wazi ni kiasi gani kinafutwa na kila mmoja amebeba kiasi gani cha hasara. Hapa msiharakishe. Deni lililosamehewa halipotei hewani, mwenye kusamehe ndiye amelilipa, na anayo haki ya kujua amelipa shilingi ngapi. Deni lililoachwa life kimya kimya ndilo linalozaa kinyongo, na Walawi 19:17–18 inaweka kukemea jirani na kukataza kinyongo pamoja kwa sababu hiyo.

Kwenye mfano wa Yesu, wapigie hesabu ubaoni. Dinari 1 ni kibarua cha siku (Mathayo 20:2), talanta 1 ni kama dinari 6,000. Mtumwa alisamehewa talanta 10,000, yaani kazi ya siku milioni 60, akamkaba mwenzake kwa dinari 100, yaani siku 100. Lakini siku 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Yesu hakusema lile deni dogo ni bure, nawe usiwaambie hivyo.

Jambo moja nje ya fedha: akitokea anayepigwa nyumbani, usimfundishe hatua za Mathayo 18 za kwenda peke yake. Msindikize Dawati la Jinsia la polisi. Warumi 13:4 ipo kwa ajili hiyo.

Katekista_wa_zamani
Nyongeza fupi kuhusu dakika zako 40. Hesabu ya mfano ikishaeleweka, waachie dakika 10 za kimya na karatasi alizosema NeemaYatosha, na karatasi ziende nazo nyumbani, zisisomwe. Usiite watu mbele kutaja majina, wala usiwashikanishe mikono siku hiyo hiyo. Anayeshikishwa mkono mbele ya watu kabla daftari halijafunguliwa atatabasamu, na ataondoka na mambo mawili ya kusamehe badala ya moja.