MJADALA: Siti za watoto kwenye gari ziwe lazima kisheria Zanzibar, au kila mtu na mwanawe?

BabaMtarajiwa_KSamaki
Assalaam alaykum wandugu. Mke wangu anatarajia mwezi ujao in shaa Allah. Kaka yangu yuko Uingereza anajaza kontena, kanambia nichague kimoja, kiti cha mtoto cha kufunga ndani ya gari au kigari cha kusukuma, vyote viwili nafasi hana. Kule kwao wala si jambo la kuuliza, mtoto anakaa kwenye kiti chake mpaka afike miaka 12 au urefu wa sentimita 135, na polisi wanatoza. Mie nina Vitz tu. Nauliza mawili, kwanza nichukue kipi, pili hivi kwa nini hapa kwetu haiwi lazima? Tunasimamishwa kwa bima, kwa leseni, kwa taa, lakini mtoto wa wiki moja yuko siti ya mbele mapajani mwa mamake na askari anampungia mkono.

MzeeWaMalindi
Wa alaykum salaam. Kijana usijitie kwenye gharama. Sie tumezaliwa tisa, tumekwenda Makunduchi tumekwenda Nungwi ndani ya gari moja tumebanana nyuma, na wote tumekuwa watu wazima. Mtoto hupakatwa. Haya mambo ya kumfunga kiumbe mikanda kama kuku anaepelekwa Darajani ni uvivu wa wanawake wa skuizi, mikono ibaki mitupu wachezee simu. Na hicho kigari ndo usiseme.

UmmuSalma
Mzee wangu shikamoo, ila hilo la uvivu halipiti kooni. Hao tisa nani aliwapakata? Babenu alikuwa na mikono yake miwili kwenye usukani. Mie wa mwisho nimemzaa kwa upasuaji, siku natoka hospitali mshono haujakaa sawa, gari ikipanda tuta moja tu roho inataka kutoka, na mtoto nimempakata mie, begi la nguo nimelibana mie, chupa ya uji iko miguuni kwangu. Mume wangu anaendesha huku anazungumza na simu. Simu!! Kwa hio tusiulizane nani anachezea simu.

RahaleoBoy
Mzee kapatikana leo 😂😂 nakaa pembeni na kashata zangu

fundi_umeme_wa_gari
Jamani swali la kijana linapotea. Ubaya wa kupakata hauna uhusiano na mapenzi wala uvivu. Gari inakwenda kilomita 50 kwa saa ikagonga ikasimama pale pale, mtoto wa kilo tano anavutwa mbele kwa nguvu ya zaidi ya kilo mia, hapo hakuna mama wala baba wala mnyanyua vyuma wa kumshikilia. Mama asipofunga mkanda anamuangukia mtoto na uzito wake wote. Akijifunga mkanda mmoja na mtoto ndo mbaya zaidi, mtoto anakuwa katikati anabanwa. Na kichanga kichwa chake ni kiasi cha robo ya urefu wake wote, shingo bado laini, ndo mana kiti chake kinatizama nyuma, gari ikisimama ghafla mgongo na kichwa vinapokea pamoja. Ulaya viti vya R129, yaani kile kiwango chao kipya, lazima vitizame nyuma mpaka miezi 15, na wengi wanaendelea baada ya hapo. Kijana chukua kiti. Kigari utanunua hata mwaka ujao.

MzeeWaMalindi
Mie nimesema uvivu tu, mambo ya kilo mia sijayasema. UmmuSalma mumeo ni wako usinitwishe mie. Na huo upasuaji nao umezidi skuizi, zamani watu wakizaa nyumbani na siku ya pili anatwanga.

UmmuSalma
Mzee naomba toka kwenye tumbo langu. Sikukuita humo.

Mkunga_Mstaafu
Hapana huyu mzee tusimuache hivi hivi. Siku ya pili anatwanga? Mwanangu mie nimezalisha miaka, hao waliotwanga siku ya pili unawaona walio hai, wasiokuwa hai huwaoni ndo mana unahisi zamani kulikuwa kuzuri. Na arubaini tuliiweka ya nini basi kama mtu siku ya pili anatwanga? Upasuaji mtu hajifanyii kwa starehe.

RahaleoBoy
Bi mkunga kaingia na viatu. Kiti cha gari kimeshasahauliwa

Konde_Mjomba
Tuulize sisi huku Pemba maana mnazungumza mnajibizana wenyewe kwa wenyewe watu wa Mjini mna magari yenu. Mke wangu akienda kliniki anapanda gari ya mbao, siti ni benchi huku na huku, magoti yanagusana, kati kuna gunia la viazi na tenga la samaki, mkanda hata wa dereva sijui kama upo. Hicho kiti utakifunga wapi, kwenye bomba la paa? Hio sheria ikija itamkamata mwenye Vitz wa Kiembesamaki na mwenye Noah, sie tuliopanda kumi na nane hatumo. Kabla ya sheria ya siti ya mtoto leteni sheria ya siti ya mtu mzima. Lakini nyie wa Unguja kila kitu kinaanzia na kuishia Michenzani.

Shangani_Queen
Yakhe sasa Michenzani imeingiaje? Kila mada Wapemba mmeonewa. Gari za mbao hata Unguja zipo, nenda kazitizame zinavyoteremka shamba.

Konde_Mjomba
Zipo za kupigia picha watalii.

Shangani_Queen
Za watalii wapi wewe, mie mwenyewe nimezipanda mpaka juzijuzi. Tafadhali.

Konde_Mjomba
Umepanda ukiwa na kichanga?

Shangani_Queen
Nilikuwa na keki ya harusi ya ghorofa mbili, afadhali kichanga 😂

AbuHilal_Dxb
Mie niko Dubai. Hapa lazima tokea 2017, mtoto chini ya miaka minne asipokuwa kwenye kiti faini dirham 400. Mwanzo watu walilalamika hivi hivi, uvivu, uzungu, sijui nini, sasa hata mabinamu zetu wakija kutembea wanafunga wenyewe. Na kitu kinachonishangaza, hizo Vitz na IST zenu zote zimetoka Japani, Japani siti ya mtoto ni lazima tokea 2010 nafikiri, yaani gari tumeichukua kiti tumekiacha bandarini kwao.

fundi_umeme_wa_gari
2000 sio 2010. Chini ya miaka sita.

AbuHilal_Dxb
Haya 2000. Ndo tumechelewa zaidi.

MzeeWaMalindi
Nendeni mkaishi huko basi.

UmmuSalma
Mzee bado upo?

Mwanasheria_Mkiwa
Kuhusu sheria yenyewe. Ya kwetu ya usafiri barabarani ni ya 2003, ya bara ni ya 1973, na huko bara wanaharakati wanapiga kelele siku nyingi viti vya watoto viingizwe. Mie siungi mkono faini kwa sasa. Mtu kanunua gari yake kwa mkopo, mtoto kaja, kiti kipya dukani ni pesa ya chakula cha mwezi, unamsimamisha Mwanakwerekwe unamtoza, kesho atampakia mtoto kwenye Vespa maana Vespa haitakuwa na sheria. Ondoeni ushuru kwanza kwenye viti hivyo, vijae madukani, halafu tuzungumze faini.

BabaMtarajiwa_KSamaki
Hili la ushuru limenigusa. Lakini naomba mnijibu, kiti au kigari? Kaka ananipigia.

Shangani_Queen
Kigari usilete kama unaishi au wazee wako wanaishi Mji Mkongwe. Mie nilikuwa nacho cha magurudumu manne madogo, mara baraza imetokeza, mara pikipiki imeegeshwa kichochoroni, mara mtaro, unakinyanyua mtoto ndani mkono mmoja unaomba msamaha kwa kila mtu. Forodhani jioni sawa. Na kwenye mchanga wa pwani ndo kabisa, magurudumu yanazama. Kama lazima, chukua yale makubwa ya kutia upepo, fundi baiskeli anaziba pancha na maisha yanaendelea.

BiTatu_wa_Mlandege
Na mtoto anatoka nje uso wazi kila anaepita anamchungulia, lo mzuri, lo mnene, jioni mtoto analia mpaka asubuhi. Mie nikimfunika khanga kigari kizima.

Mkunga_Mstaafu
Bi Tatu hapo nakukatiza kwa heshima. Kumfunika kigari chote kwa khanga kwenye jua letu hili hewa haipiti, ndani joto linapanda haraka na wewe nje huoni. Msomee mtoto, mtilie wanja, mfanyie unachoona, lakini kigari usikizibe. Tafuta kivuli. Na kichanga lazima alale chali bapa, hivyo vigari vya kukaa wima ni mpaka afike miezi sita hivi, awe anaweza kukaa.

BiTatu_wa_Mlandege
Wangu sita nimewafunika wote.

Mkunga_Mstaafu
Haya tumeanza tena ya mzee wa Malindi.

MzeeWaMalindi
Msinitaje.

MamaNawal
Nasoma nacheka lakini nina swali la kweli. Mume wangu kafunga kiti mbele kwa sababu mtoto akiwa nyuma sisi tunakuwa hatumuoni, anasema akimeza mate vibaya ataona. Kinatizama nyuma kama mlivosema. Iko sawa?

fundi_umeme_wa_gari
HAPANA. Kitoe leo hii. Kile kizuia jua cha upande wa abiria kiteremshe utaona stika yenye picha ya mtoto na alama ya kukataza, hio haikuwekwa kwa urembo. Eabegi, ule mfuko wa hewa wa kwenye dashibodi, ikifumuka inakuja kwa kasi na inapiga mgongo wa kiti ambacho kichwa cha mtoto kipo hapo hapo nyuma yake. Kiti kinachotizama nyuma hakikai mbele ya eabegi inayofanya kazi, basi. Vitz na IST nyingi hazina swichi ya kuizima. Weka siti ya nyuma, na kama roho haitulii mama akae nyuma na mtoto.

MamaNawal
Nimempelekea meseji. Kajibu "huyo fundi anajua kuliko mie?"

fundi_umeme_wa_gari
Mwambie ndio.

UmmuSalma
😂😂 wanaume

Konde_Mjomba
Wanaume tumefanya nini tena?

fundi_umeme_wa_gari
BabaMtarajiwa nikujibu vizuri kabla hawajaanza. Mwambie kaka yako alete kiti, akinunue kipya, au atoe kwa mtu anaemjua. Chini au mgongoni kina stika ya rangi ya machungwa, ina herufi E ndani ya duara na namba. Ikiwa R129 vizuri, ikiwa 44/04, kile kiwango cha zamani, inafaa. Namba ya ruhusa ikianzia 01 au 02 aache hapo hapo, hivo Ulaya havitakiwi kutumika tokea 2008. Cha Marekani hakina E, kina maandishi mengine na tarehe ya mwisho wa kutumia, itizame. Vitz yako chungulia pale mkao unapokutana na mgongo wa siti ya nyuma, ukikuta vyuma viwili vya ISOFIX poa, ukikosa alete kile kinachofungwa kwa mkanda wa gari, mkanda unapita kwenye alama za buluu kikitizama nyuma. Ukishakifunga kikamate pale mkanda unapopita ukitikise, kisicheze. Mikanda ya mtoto itokee usawa wa bega au chini kidogo, ukijaribu kuukunja kwa vidole begani ukashindwa ndo umekaza. Na usimviringishe mtoto khanga halafu ukamfunga, mfunge kwanza, khanga ije juu. Gari ikiwa imelala juani gusa kifungio cha mikanda yake kwa mkono wako kabla, chuma kile kinaunguza.

Mkunga_Mstaafu
Ongezea, kiti sio kitanda. Mkifika mtoeni. Kichanga akilala humo muda mrefu kidevu kinaangukia kifuani anakosa pumzi, si zaidi ya masaa mawili na mdogo sana hata hayo mengi.

MzeeWaMalindi
Mambo yote hayo kwa safari ya kutoka Kiembesamaki kwenda Mjini. Daladala ya 505 ungekuwa ushafika.

Mwanasheria_Mkiwa
Na ajali nyingi si safari hizo hizo mzee?

MzeeWaMalindi
Ajali ni za bodaboda.

*(hapa kukafuata bodaboda mpaka mtu akamtusi mwenziwe na meseji zikafutwa)*

JumbeStores
Mnaozungumza viti, ninacho kimoja safi sana, cheusi, laki na nusu inazungumzika. Nipo Mlandege. BabaMtarajiwa njoo inbox kaka asihangaike na kontena.

BabaMtarajiwa_KSamaki
Kimetoka wapi?

JumbeStores
Kilikuja ndani ya gari kutoka nje.

fundi_umeme_wa_gari
Gari hio iligongwa?

JumbeStores
Mbele kidogo tu, bampa na taa. Kiti kilikuwa nyuma hakikuguswa.

fundi_umeme_wa_gari
Kiti kilichokuwemo kwenye gari iliyogongwa hakitumiki tena hata kama hakina mkwaruzo, plastiki inapasuka ndani huioni. Weka hapa picha ya ile stika ya machungwa.

JumbeStores
Stika tuliibandua ilikuwa inachafua.

fundi_umeme_wa_gari
Basi kaa nacho.

BiTatu_wa_Mlandege
Jumbe cha laki unatoa? Nataka cha kumkalisha mjukuu barazani akila.